Mshahara Mnono, Ndege Moja: Kisa cha Kapteni wa Jeti Binafsi Aliyeajiriwa Ugenini

Kisa kwa ufupi

Kapteni mmoja wa jeti za kampuni aliacha kazi ya kudumu nchini kwake, akaenda ugenini kurusha ndege kubwa zaidi kwa mshahara uliokaribia kuwa maradufu, akafanya kazi kwa miezi 14, kisha ndege ikauzwa. Alipoketi kupiga hesabu ya yote aliyopokea na yote yaliyomtoka, alikuta kwamba wastani wake wa mwezi ulikuwa pungufu kidogo ya ule aliouacha nyumbani. Yeye mwenyewe ameruhusu kisa hiki kiandikwe. Majina, nchi, alama za usajili na aina kamili ya ndege vimeondolewa, na viwango vya fedha vimezungushwa. Mfuatano wa matukio umebaki kama ulivyokuwa.

Nimekichagua kwa sababu hakina tapeli ndani yake. Wakala hakughushi chochote, mwenye ndege hakutoroka, na karibu kila kilichompata kapteni kilikuwa kimeandikwa, au kimeachwa wazi, katika kurasa kumi na moja alizotia saini. Visa vya utapeli vipo tele, lakini havimsaidii sana rubani aliyeletewa mkataba halali.

Usuli: watu, ndege na soko la wakati huo

Kapteni alikuwa na umri wa miaka 41 na saa 6,200 za kuruka, karibu nusu yake katika jeti za ukubwa wa kati. Nyumbani alikuwa mwajiriwa wa kampuni yenye ndege mbili. Alipokea dola 8,200 kwa mwezi baada ya kodi, mwajiri akimchangia dola 900 za pensheni, bima ya afya ikiihudumia familia nzima, na mkataba ukimtaka awe kazini siku 16 kwa mwezi. Mke, watoto wawili na nyumba yao vilikuwa hapo hapo, jambo ambalo litarudi baadaye kwa sura ya kodi.

Rubani msaidizi aliyekuja kufanya naye kazi alikuwa kijana wa miaka 33 asiye na familia. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa moja: kijana huyu alikuwa tayari na idhini ya kurusha aina ile ya ndege, ile ambayo marubani wenyewe huiita taipu reitingi, na alikuwa ameigharamia mwenyewe kwa mkopo wa dola 55,000.

Ndege ilikuwa jeti ya masafa marefu, ya daraja la Gulfstream G650 au Bombardier Global 6000, inayoweza kukaa angani saa 12 na zaidi bila kutua kuongeza mafuta. Ilisajiliwa katika nchi moja, ikamilikiwa na kampuni iliyoandikishwa katika nchi ya pili, ikasimamiwa na kampuni ya nchi ya tatu, na marubani wake wakaajiriwa kupitia wakala wa nchi ya nne. Kituo chake cha kazi kilikuwa nchi ya tano. Msomaji asiyeijua kazi hii ataona kizunguzungu, lakini mpangilio wa namna hiyo ni wa kawaida kabisa katika jeti binafsi, na kila mpaka uliovukwa una maana kwa rubani. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kimataifa, katika kifungu cha 32, unataka rubani wa ndege inayoruka kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa hiyo kapteni, hata angekuwa na leseni nzuri kiasi gani ya nchi yake, asingeweza kukigusa kiti cha kushoto, yaani kile cha kapteni, mpaka nchi ya usajili ithibitishe leseni hiyo.

Mazungumzo yalifanyika mapema mwaka 2022, na soko lilikuwa likivutwa pande mbili. Safari za jeti binafsi zilikuwa zimeongezeka baada ya Uviko-19, na mashirika ya ndege ya abiria, yaliyokuwa yamewaachisha au kuwastaafisha mapema marubani wengi mwaka 2020, yalikuwa yakiajiri upya kwa haraka. Hilo lilikuwa jema kwa mwombaji. Kisha, mwishoni mwa Februari 2022, Umoja wa Ulaya ukafunga anga lake kwa ndege zinazomilikiwa, kukodiwa au kudhibitiwa na Warusi, jeti binafsi zikiwemo, na marubani waliokuwa wakiwarusha matajiri hao wakajikuta sokoni kwa mara moja, wengi wao wakiwa na reitingi za ndege zile zile za masafa marefu.

Kulikuwa pia na ushindani ambao rubani anayetoka shirika la abiria huwa haufikirii. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinamzuia rubani aliyetimiza miaka 65 kufanya kazi katika safari za kimataifa za kibiashara, lakini kizuizi hicho hakizigusi safari za binafsi ambazo mwenye ndege hutumia mali yake mwenyewe bila kuuza tiketi. Ndiyo maana miongoni mwa walioomba kiti hiki alikuwemo mzee wa miaka 67. Wakala alipomwambia kapteni kwamba nyuma yake wapo watano wanaosubiri, alikuwa akimshinikiza, ila hakuwa akisema uongo.

Ofa

Ofa ilikuja kwa ujumbe wa simu wa mistari mitatu: dola 14,500 kwa mwezi, haina kodi, zamu ya wiki 6 kazini na wiki 2 mapumziko, mafunzo tunalipa sisi. Jibu kabla ya Ijumaa.

Kila kipande cha ujumbe huo kilikuwa kweli, na kila kimoja kilikuwa na ndani yake. "Haina kodi" ilimaanisha kwamba nchi ya kituo haitozi kodi ya mapato; haikusema lolote kuhusu nchi alikotoka rubani. "Mafunzo tunalipa sisi" ilimaanisha bondi ya dola 60,000 kwa miezi 24: akiacha kazi kabla ya muda huo, anarudisha sehemu iliyobaki. Nayo bondi haikupungua kila mwezi, bali kila baada ya miezi sita, kwa dola 15,000 kila hatua. Nyumba ilikuwa juu yake mwenyewe. Bima ya afya ilimhusu yeye peke yake. Pensheni haikutajwa.

Hesabu ambayo kapteni hakuifanya kabla ya Ijumaa, na ambayo tuliifanya pamoja miaka miwili baadaye kwenye karatasi moja, ni hii. Kwenye dola 14,500 ondoa 2,600 za nyumba, 700 za bima ya afya ya familia, 250 za bima ya kupoteza leseni (ile inayomlipa rubani anayezuiwa kuruka kwa sababu ya afya), na wastani wa 450 za nauli za kwenda nyumbani, kwa kuwa wakala alilipa tiketi mbili tu kwa mwaka. Zinabaki 10,500. Nyumbani alikuwa na 8,200 pamoja na 900 za pensheni, yaani 9,100. Hapo ongezeko la dola 6,300 lililomnyima usingizi kwa furaha limekuwa dola 1,400.

Bado hatujazigusa siku. Wiki 6 kwa 2 ni siku 273 za zamu kwa mwaka, karibu siku 22.75 kwa mwezi. Ukigawa 10,500 kwa siku hizo, unapata dola 462 kwa siku ya zamu. Nyumbani, 9,100 kwa siku 16 ni dola 569. Kwa kila siku ambayo alikuwa mali ya mwajiri, kapteni alikuwa akienda kulipwa kidogo kuliko nyumbani kwa zaidi ya dola mia moja, tena kabla ya mtoza kodi wa kwao kubisha hodi.

Maamuzi na sababu zake

Kapteni hakukubali kila kitu kwa kuinamisha kichwa. Aliomba mambo manne: bondi ipungue kila mwezi, bondi ifutike ikiwa ndege itauzwa au kuondoka mikononi mwa kampuni ya usimamizi, notisi ya kuachishwa iwe siku 90 badala ya 30, na tiketi ya kurudi kwao ilipwe mkataba ukiisha kwa sababu yoyote. La kwanza na la tatu yalikataliwa. La pili na la nne yalikubaliwa siku hiyo hiyo, na nadhani sababu ni kwamba aliyekuwa akijibu upande wa pili aliyaona kuwa hayana gharama. Ndege ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu; nani angefikiri itauzwa?

Yapo aliyonyamaza. Hakuuliza nini kitatokea mshahara ukichelewa. Hakuuliza kama wakati wa mafunzo atalipwa mshahara kamili. Hakuuliza siku moja ya mapumziko iliyodhulumiwa ina thamani ya dola ngapi. Hakuomba kuonyeshwa makubaliano kati ya wakala na kampuni ya usimamizi, ingawa mshahara wake wote ungepitia kwenye bomba hilo. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa unyoofu kwamba aliona haya kuonekana mtu wa kuhesabu senti mbele ya kiti alichokitamani kwa miaka kumi. Naielewa haya hiyo. Waajiri wa fani hii nao wanaielewa, na wameipangia bei.

Uamuzi wa mwisho, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote, ni kwamba aliandika barua ya kuacha kazi nyumbani siku aliyotia saini, wakati mkataba mpya ulikuwa na sharti la kupata uthibitisho wa leseni ambao hakuna upande wowote uliokuwa na uwezo wa kuuahidi.

Rubani msaidizi kwa upande wake alikubali dola 8,800 kwa mwezi, akakataa bondi ya aina yoyote kwa kuwa hapakuwa na mafunzo ya kumlipia, na hakubishania kingine.

Mfuatano wa matukio

*Mwezi wa 1 na wa 2.* Mafunzo ya reitingi yalichukua takriban wiki nne katika kituo cha simuleta, yaani mashine inayoiga ndege. Soko la mafunzo ya jeti hizi liko mikononi mwa kampuni chache, FlightSafety na CAE zikiwa kubwa kuliko nyingine, na nafasi hukatwa miezi kabla, kwa hiyo mwajiri aliyeipata nafasi haichezei. Mwezi huo kapteni alilipwa dola 5,000. Mkataba ulisema mshahara kamili unaanza "baada ya kumaliza mafunzo", maneno manne aliyoyapita kwa macho bila kusimama. Uthibitisho wa leseni ulitoka baada ya wiki tano. Katika wiki hizo alilipwa kamili, lakini hakuruka hata saa moja, na kila asubuhi aliamka katika nyumba tupu ya ugenini akijua kwamba karani mmoja akikataa, hana kazi huku wala kule.

*Mwezi wa 3 hadi wa 7.* Kazi ilikuwa nzuri. Niseme hivyo waziwazi, kwa sababu simulizi za namna hii huzoea kuipaka kazi tope tangu mwanzo. Ndege ilitunzwa vizuri, mwenye ndege alikuwa mtu wa heshima, mshahara uliingia tarehe 28 bila kukosa. Kapteni alijifunza kuvuka bahari kuu usiku na kushuka katika viwanja ambavyo hapo awali aliviona kwenye ramani tu. Kasoro ilikuwa zamu. Wiki sita zilikuwa saba, mara nyingine tisa, kwa kuwa hapakuwa na kapteni wa pili wa kudumu wa kumpokea. Kila mara aliambiwa siku zake "zimeandikwa".

*Mwezi wa 8 na wa 9.* Mshahara ulikuja tarehe 9, uliofuata ukaja tarehe 23, na mara zote mbili ulitumwa na kampuni ambayo jina lake halimo kwenye mkataba. Rubani msaidizi alisubiri mara moja. Mara ya pili alitoa notisi yake ya siku 30, akapata kazi kwingine ndani ya wiki tatu, akaondoka. Kapteni alitamani kumfuata. Alifungua mkataba, akakuta kwamba katika mwezi wa tisa bondi yake bado ilikuwa dola 45,000. Kama ingekuwa inapungua kila mwezi ingekuwa 37,500, lakini hata hizo hakuwa nazo. Akabaki.

*Mwezi wa 10.* Ili kuziba pengo, kampuni ya usimamizi ilileta marubani wa vibarua. Mmoja, kapteni mwenye reitingi ile ile, alilipwa dola 1,500 kwa siku, akafanya siku 12, akaondoka na dola 18,000. Kapteni wetu aliketi naye bega kwa bega katika safari moja ya saa 11, akiwa na mamlaka juu ya ndege na mshahara mdogo kuliko wa aliyekuwa akimsaidia. Yule kibarua naye alimweleza upande wa pili wa sarafu: mwezi uliotangulia hakupigiwa simu hata moja, na mafunzo yake ya marudio ya kila mwaka hujilipia mwenyewe.

*Mwezi wa 12.* Ilifika barua ya mamlaka ya kodi ya kwao. Kwa kuwa familia, nyumba na akaunti zake vilibaki kule, alihesabiwa kuwa mkazi wa kikodi, na kwa kuwa hakulipa kodi popote, hakuwa na chochote cha kupunguziwa. Deni: dola 27,000.

*Mwezi wa 13.* Aliagizwa kuipeleka ndege kwenye karakana kubwa ya nje kwa "ukaguzi". Alipopita hangani jioni kuchukua begi alilolisahau, alikuta injini ya kushoto imefunguliwa vifuniko na fundi asiyemfahamu ameingiza kamera nyembamba kama mkia wa panya, akitazama mapanga ya ndani kwenye kioo na kupiga picha moja baada ya nyingine. Ndani ya ndege, watu wawili waliovua viatu walikuwa wakikagua ngozi ya viti kwa tochi. Ukaguzi wa kawaida hauendi hivyo. Huo ni ukaguzi wa mnunuzi, na ni yeye mwenyewe aliyeileta ndege mnadani bila kujua.

*Mwezi wa 14.* Barua ya notisi ya siku 30 ilikuja asubuhi, na mchana wa siku hiyo hiyo likaja ombi la kuipeleka ndege kwa mnunuzi siku 20 baadaye. Wakati huo alikuwa akidai mshahara wa mwezi mmoja na siku 38 za mapumziko. Kapteni alijibu kwa heshima kwamba yuko tayari, na kwamba angependa madai yake yalipwe kabla ya safari. Hakutishia, hakupandisha sauti, na hakusema kwamba ndani ya muda ule hakuna rubani mwingine mwenye uthibitisho wa leseni kwa usajili ule. Wote walilijua hilo. Mshahara uliingia baada ya siku tatu. Siku za mapumziko zilileta ubishi, kwa sababu mkataba haukutaja thamani yake. Yeye aligawa mshahara wa mwaka kwa siku 365, akapata takriban dola 477 kwa siku, zaidi ya dola 18,000 kwa jumla. Wao walisema mapumziko hayageuzwi kuwa fedha. Mwanasheria mmoja alimtaka dola 12,000 za kuanzia ili tu aanze kujua aishtaki kampuni ipi kati ya tatu. Akakubali nusu, dola 9,000, akairusha ndege, akakabidhi funguo na vitabu vyake.

Matokeo kwa tarakimu

Kwa miezi 14 alipokea dola 5,000 za mwezi wa mafunzo, mishahara 13 ya dola 14,500 ambayo ni 188,500, na 9,000 za mapumziko: jumla 202,500. Ukiondoa dola 4,000 za gharama kila mwezi kwa miezi 13, zinabaki 150,500. Ukiondoa kodi, 123,500. Kwa mwezi ni dola 8,821, dhidi ya 9,100 alizoziacha.

Bondi iliyobaki, dola 30,000, ilifutwa kwa ule mstari mmoja uliokubaliwa bila mabishano. Uthibitisho wa leseni ulikufa siku ndege ilipofutwa kwenye usajili. Reitingi ilibaki kuwa yake, ikiwa na saa 480 za uzoefu wa ukapteni.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa kukubali kazi, bali kulinganisha mshahara kwa mwezi. Mwezi si kipimo katika fani hii, kwa sababu hakuna mikataba miwili yenye mwezi wa urefu mmoja: mmoja unakununua siku 15, mwingine 23, wa tatu unakutaka uwe tayari siku zote kisha ukaruka mara nne. Kipimo kinachozungumza ni fedha inayobaki kwa kila siku ya zamu, na ndicho kinachomfanya kibarua wa dola 1,500 aonekane tajiri hadi uzihesabu pia siku ambazo simu haikulia.

Bondi yenyewe sina ugomvi nayo. Mtu anayekulipia mafunzo ya dola 60,000 ana haki ya kutaka ukae. Tatizo la bondi hii ni kwamba ilimfunga rubani peke yake. Mwajiri alivunja ahadi ya tarehe ya mshahara miezi miwili mfululizo bila kupoteza chochote, ilhali rubani kwa kuondoka angepoteza dola 45,000. Sentensi moja, kwamba mshahara ukichelewa zaidi ya siku kadhaa zilizotajwa bondi inafutika, ingekuwa rahisi kuipata kama ile ya kuuzwa kwa ndege, maana nayo ingeonekana haina gharama. Hakuiomba. Uhuru wa rubani msaidizi katika mwezi wa tisa ulitokana na mkopo wake wa dola 55,000, na mkopo nao una riba, kwa hiyo sisemi alichagua vizuri zaidi. Nasema aliijua bei ya uhuru wake mapema.

Hapa inafaa kumtazama baharia, kwa sababu hali yake inafanana sana na ya rubani huyu: chombo kimesajiliwa nchi moja, mwenyewe yuko nyingine, wakala yuko ya tatu. Chini ya Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, na marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2017, mwenye meli anatakiwa kuwa na dhamana ya fedha ya kumrudisha kwao baharia aliyetelekezwa na kumlipa malimbikizo ya mshahara hadi miezi minne. Isitoshe, sheria za bahari za nchi nyingi humruhusu baharia kuishika meli yenyewe kwa ajili ya mshahara wake. Marubani wa jeti binafsi hawana mkataba wa kimataifa wa namna hiyo. Mkataba wa Cape Town wa 2001, unaohusu haki za wadai juu ya mali kama ndege, unaziachia nchi nafasi ya kutangaza kwamba madai fulani, yakiwemo ya mishahara, yatangulie mbele ya haki nyingine juu ya ndege, lakini hilo hutegemea tamko la kila nchi. Kwa rubani wetu, ulinzi wote ulikuwa kurasa kumi na moja na zile siku 20 ambazo muuzaji alimhitaji.

Kuhusu siku hizo, wapo walioniambia kwamba kudai fedha kabla ya safari ya makabidhiano ni kumshika mtu koo. Sikubaliani nao. Alidai alichokifanyia kazi, kwa maandishi, mapema, bila kuhatarisha safari. Kama angeirusha kwanza na kudai baadaye, angekuwa akiidai kampuni isiyo na ndege, kupitia wakala asiye na mteja. Alichokosea ni kwamba alikuwa na karata hiyo kwa bahati. Rubani mwingine mwenye uthibitisho angekuwepo, ingekuwa haina thamani.

Kodi naipitia haraka kwa kuwa kila nchi ina lake, ila kosa ni lile lile: kudhani kwamba kodi hufuata mahali pa kazi, au kwamba kukaa nje siku 183 za mwaka kunatosha kuikwepa. Makazi ya familia huweza kumvuta mtu nyuma. Hata mahali ambapo sheria inawapa nafuu wanaofanya kazi nje, kazi ya urubani ina mitego yake. Marekani inamruhusu raia wake aliye nje kuondoa kwenye kodi mapato hadi kikomo fulani, kilichokuwa dola 126,500 kwa mwaka 2024, lakini muda unaotumika juu ya bahari kuu hauhesabiwi kuwa muda ndani ya nchi ya kigeni, na kwa rubani wa masafa marefu hicho ni kipande kikubwa cha kazi. Saa moja na mshauri wa kodi kabla ya kutia saini ingemgharimu sehemu ndogo sana ya 27,000.

Lililofanya kazi ni reitingi. Miezi miwili baada ya ndege kukabidhiwa, kapteni alipigiwa simu na msimamizi wa mmiliki mpya. Soko lilikuwa limebana kwa waajiri: mashirika makubwa yalikuwa yakipandisha mishahara, marubani wa Delta, shirika la ndege la Marekani, wakiwa wameidhinisha Machi 2023 mkataba wenye nyongeza ya jumla ya asilimia 34 kwa miaka minne, na wenye jeti walikuwa wakipoteza watu kila mwezi. Ndege iliyozungumzwa ilikuwa ile ile, namba ile ile ya kiwandani chini ya alama mpya ya usajili. Mshahara uliotajwa ulikuwa dola 12,000.

Safari hii alimwomba msimamizi amtumie mkataba mzima, akakaa nao siku tisa. Zamu ilikuwa siku 30 kwa 30, hoteli na nauli zote zikiwa juu ya mwajiri. Hapakuwa na bondi, kwa kuwa hapakuwa na mafunzo ya kufunga. Aliondoa 950 za bima zake mbili, akatenga 2,000 za kodi ya kwao, zikabaki 9,050, akazigawa kwa siku 15.2: dola 595 kwa siku ya zamu. Aliomba notisi ya siku 90, thamani ya siku ya mapumziko iandikwe kwa tarakimu, na mwajiri atajwe kuwa kampuni ile ile itakayotuma fedha. Walikubali mawili, na notisi wakaishusha hadi siku 60. Barua ya kuacha kazi ya muda aliyokuwa ameipata nyumbani aliiandika siku uthibitisho mpya wa leseni ulipoingia kwenye barua pepe yake.